Mashine Ikisoma Picha, Nani Atawajibika?

Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mmoja wa waasisi wa akili unde ya leo, alisema kwamba vyuo viache kufundisha madaktari wa radiolojia, kwa kuwa ndani ya miaka mitano hivi kompyuta zingesoma picha za mwili vizuri kuliko wao. Mwaka 2024 mwanasayansi huyo alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia, lakini utabiri wake haukutimia. Madaktari hao bado wanahitajika, na katika nchi zetu ni wachache mno. Hata hivyo, tusibweteke. Hatari haiji lazima kwa sura ya roboti aliyeketi katika kiti cha daktari. Yaweza kuingia taratibu ndani ya kazi tunayoifanya kila siku.

Kwanza tukiri manufaa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba programu za kompyuta zinaweza kutumika badala ya binadamu kusoma eksirei za kidijitali za kifua, katika uchunguzi wa awali wa kifua kikuu kwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Kwa kituo kisicho na daktari wa radiolojia, hii ni neema. Anayeonekana kuwa na dalili hupelekwa mapema kutoa makohozi yakapimwe maabara, maana jibu la programu si uthibitisho wa ugonjwa.

Hatari ya kwanza ni kufifia kwa ujuzi. Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti kutoka Polandi kuhusu madaktari wanaochunguza utumbo mpana kwa kamera. Kabla ya akili unde kuanza kutumika, waligundua vivimbe vinavyoweza kugeuka saratani katika asilimia 28.4 ya vipimo. Baada ya kuizoea, katika vipimo walivyofanya bila msaada wake, kiwango kilishuka hadi asilimia 22.4. Utafiti wa aina hiyo hauwezi peke yake kuthibitisha chanzo, lakini onyo lake ni zito kwetu. Umeme ukikatika au mtandao ukipotea, mgonjwa hubaki mikononi mwa mtaalamu na ujuzi alionao.

Hatari ya pili ni dhuluma isiyoonekana. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walichunguza programu iliyotumika kuchagua wagonjwa wa kupewa huduma ya ziada. Programu hiyo ilipima uhitaji wa mgonjwa kwa gharama za matibabu yake. Kwa kuwa Wamarekani weusi walikuwa wakitumiwa fedha kidogo kuliko weupe wenye maradhi yaleyale, ilionekana kana kwamba wao wana afya bora. Watafiti walikadiria kuwa kasoro hiyo ikirekebishwa, sehemu ya weusi miongoni mwa wanaostahili msaada ingepanda kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Hakuna aliyeiamuru mashine ibague. Ilijifunza kutokana na jamii iliyokwisha kubagua.

Hatari ya tatu ni ya kiuchumi. Mwajiri akiona programu inasoma picha, aweza kushawishika kuahirisha ajira ya mtaalamu. Ada ya programu ikipanda au mfadhili akiondoka, kituo chaweza kubaki bila mashine na bila mtu.

Nini kifanyike? Mhudumu wa afya aitazame picha na kuandika maoni yake kabla ya kusoma jibu la kompyuta. Kila kituo kipange siku za kufanya kazi bila msaada huo, ili ujuzi usipotee. Kabla ya kununua programu, uongozi uulize kama imejaribiwa kwa watu wanaofanana na wagonjwa wake.

Nawe mgonjwa, una haki ya kuuliza: jibu hili limetolewa na nani, na ni mtaalamu gani aliyelihakiki? Swali hilo si utovu wa adabu. Likikosa jibu, omba kuonana na daktari kabla ya kuanza au kuacha matibabu yoyote.