Damu ya Mtoto na Jeni Iitwayo RPS19

Mtoto mchanga wa Kibokoni au Kuze akipauka ulimi na viganja, watu wa Mombasa hufikiria kwanza malaria, selimundu au ukosefu wa madini ya chuma. Wana haki. Anthony Allison, mwanasayansi aliyelelewa Kenya, aliona mwaka 1949 kwamba selimundu imeenea zaidi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria kuliko nyanda za juu. Ila kuna chanzo kingine, adimu, ambacho ni rahisi kupitwa.

Jeni ya RPS19 imo katika kromosomu ya 19. Hutoa maelekezo ya protini moja kati ya takriban 80 zinazojenga ribosomu, na ribosomu ndizo zinazounda protini za mwili, himoglobini ikiwemo. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo. Moja ikiharibika, ribosomu hupungua. Mwaka 1999 iligunduliwa kwamba kasoro hiyo huleta upungufu wa damu wa Diamond-Blackfan, ulioelezwa na madaktari wawili wa Boston mwaka 1938.

Sasa, ribosomu zimo mwilini kote. Mbona inaumia damu? Uboho wa mifupa hutoa seli nyekundu kama milioni mbili kila sekunde, na kila moja hujazwa himoglobini kwa muda mfupi. Mwaka 2014 watafiti walionyesha jambo la ndani zaidi: ribosomu zikiadimika, hupungua hasa GATA1, protini inayoielekeza seli changa ya uboho iwe seli nyekundu. Ikikosekana, seli hiyo hufa kabla ya kukomaa.

Dalili ya ugonjwa huu huonekana kwa hadubini ya kawaida. Tone la damu likitiwa rangi maalumu ya buluu, seli nyekundu zilizotoka ubohoni karibuni huonyesha nyuzinyuzi za buluu, nazo ni mabaki ya ribosomu. Mwenye selimundu kwa kawaida huwa nazo tele. Mtoto mwenye Diamond-Blackfan anazo chache mno. Natamani kipimo hiki kiombwe mapema, maana dawa ya chuma haimfai, na akiongezewa damu mara kwa mara, chuma hurundikana kwenye ini na moyo. Wengi hupata nafuu kwa dawa za steroidi, na kupandikizwa uboho huweza kuiponya damu yenyewe.

Mama naye asilaumiwe kwa alichokula akiwa mjamzito. Mara nyingi kosa hili la jeni ni jipya kabisa, halimo kwa baba wala kwa mama.