Kurina Asali na Kufuga Nyuki

Kiswahili kina neno lake la kutwaa asali, nalo ni kurina. Na mtu wa kazi hiyo huitwa mrina asali. Twasema pia kufuga nyuki, kama tusemavyo kufuga kuku. Maneno haya mawili hayana maana moja. Arinaye porini mara nyingi huwatia nyuki moto, akachukua masega yote, hata yale yenye majana, yaani watoto wa nyuki. Afugaye huchukua sehemu, akaacha sehemu, ili mwaka wa pili apate tena.

Mzinga wa asili ni gogo lililotobolewa ndani. Jina hilo hilo hutumika kwa silaha kubwa ya vita, maana nayo ni kitu kirefu chenye uwazi. Unyamwezini watu hufanya mizinga ya gome pia, lakini mti uliobanduliwa gome pande zote hufa.

Basi mwalimu atakaye mizinga miwili au mitatu ya kujifurahisha yafaa atumie sanduku la mbao lenye vijiti juu, namna iliyoenea Kenya tangu miaka ya 1970. Kila kijiti kiwe na upana wa milimita 32, unaowafaa nyuki wa Afrika, kipakwe nta kidogo katikati, nao watajenga sega moja chini ya kila kijiti. Hivyo sega moja laweza kuinuliwa pasipo kuyavunja mengine.

Mzinga utundikwe kwa waya uliopakwa grisi, siafu wasipite. Uwe kivulini, karibu na maji, mbali na njia ya watu na mifugo. Kazi ifanywe jioni kwa moshi wa polepole, usio na ndimi za moto. Moshi huwafanya nyuki wajishibishe asali, tena huifunika harufu waitoayo kuonyana hatari. Asali iliyokomaa ni ile iliyofunikwa kwa nta. Masega ya majana yasiguswe, na akiba iachwe, kwani nyuki wa Afrika wakisumbuliwa au wakiona njaa huhama upesi.

Furaha yake si asali peke yake. Mwenye kuwatazama wakirudi na chavua miguuni hujua, kwa rangi yake, ni maua gani yamechanua kijijini. Nta nayo isitupwe: huyeyuka kwa joto la nyuzi 64 hivi, nayo yafaa kwa mishumaa.

Wahenga walisema, “Fuata nyuki ule asali.” Aliyewachoma hana wa kumfuata.