Chembe ya Dhahabu na Chembe cha Moyo

Hebu mwalimu aiandike ubaoni sentensi hii: "Chembe za dhahabu huziua chembe zinazoumiza chembe cha moyo." Sarufi yake haina dosari, lakini ni wangapi darasani watakaoielewa? Chembe ya kwanza ni punje ndogo mno ya madini. Ya pili ndiyo ambayo vitabu vingi vya biolojia sasa huiita seli. Ya tatu, iliyo katika ngeli nyingine, ni pale chini ya kidari ambapo mgonjwa wa saratani ya tumbo aghalabu huweka mkono anapoulizwa anaumwa wapi. Mimi napendekeza seli ibaki seli, na chembe waachiwe wenye madini.

Chembe hizo za dhahabu hupimwa kwa nanomita, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita zipatazo 80,000. ("Nano" yatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mbilikimo, nami sina ugomvi na mkopo huo.) Watafiti huzivika kingamwili inayoitambua HER2, protini iliyojaa kwenye seli za baadhi ya saratani za tumbo, ili zinate hapo zaidi kuliko kwenye seli zenye afya. Kisha humulikwa kwa mwanga usioonekana kwa macho, zikapata joto na kuiunguza seli iliyozipokea.

Lakini ushindi huo wa dhahabu dhidi ya saratani ya tumbo ungali wa maabara na wa panya. Chembe za oksidi ya hafniamu, metali nyingine, ziliidhinishwa Ulaya mwaka 2019, tena kwa saratani ya tishu laini, na kazi yake ni kuipa nguvu tiba ya mionzi. Basi mwandishi apata wapi ujasiri wa kutangaza kwamba dhahabu "yaponya" saratani? Kiswahili kinatofautisha kutibu na kuponya, na "huenda" haijafutwa kamusini.

Anayeumia ni msomaji amezaye dawa za kutuliza asidi mwezi wa tatu sasa, bila kupimwa. Yeye ataingojea dhahabu, ilhali bakteria Helicobacter pylori, waliotambuliwa na Barry Marshall na Robin Warren nchini Australia mapema miaka ya 1980, na ambao ni chanzo kikuu cha saratani hiyo, hugunduliwa kwa kipimo cha kinyesi au cha pumzi na kuuawa kwa antibiotiki za kawaida.