Kila Jambo na Kadiri Yake: Kutoka Nyota hadi Fulu wa Ziwa Victoria

Kila apikaye ugali anajua kwamba kuwa na unga, maji na moto hakutoshi. Sharti vitu hivyo viwepo kwa kadiri yake na kwa wakati wake. Maji yakizidi utapata uji. Moto ukizidi utapata ukoko. Na unga ukitiwa kabla ya maji kuchemka utapata madonge. Ndiyo maana wahenga wakatuusia kwamba ngoma ikivuma sana hupasuka. Yamkini msomaji atashangaa kuambiwa kwamba hekima hii ya jikoni ndiyo inayotumiwa na wataalamu wa nyota, wa miamba, wa viumbe na wa historia kueleza jinsi ulimwengu uliokuwa sahili kabisa ulivyopata kuzaa nyota, sayari, samaki, na hatimaye mwanafunzi anayeuliza maswali.

Mwalimu aliyesimama Mamboleo, pembezoni mwa jiji la Kisumu, ana mifano ya somo hili kila upande. Barabara moja inaelekea Kakamega, kulikochimbwa dhahabu. Upande mwingine liko ziwa, lenye samaki wa ajabu ambao dunia nzima huja kujifunza habari zao. Jina la mahali penyewe ladokeza mambo ya leo. Hata hivyo, hakuna jambo la leo lisilokuwa na jana yake, na jana ya Mamboleo inarudi nyuma miaka bilioni 13.8.

Hebu tuanzie hapo. Katika dakika chache za mwanzo, ulimwengu ulikuwa na hidrojeni na heliamu, na karibu si kingine. Ilipita miaka 380,000 hivi kabla haujapoa kiasi cha kuziruhusu atomi kamili kuundwa na nuru kusafiri bila kizuizi. Mabaki ya nuru hiyo yaligunduliwa na Arno Penzias na Robert Wilson nchini Marekani, na ugunduzi wao ukatangazwa mwaka wa 1965. Mwaka wa 1992, wataalamu wa setilaiti iliyoitwa COBE walitangaza kwamba nuru hiyo haikulingana sawasawa kila mahali: palikuwa na tofauti ndogo mno, kadiri ya sehemu moja katika 100,000. Tofauti hiyo, ndogo kama ilivyo, ndiyo iliyotuokoa. Lau mata ingalitandazwa sawasawa kabisa, nguvu ya uvutano isingalipata pa kuanzia, na nyota zisingaliumbika. Lau tofauti ingalikuwa kubwa mno, mata nyingi ingaliporomokeana mapema.

Baada ya nyota ya kwanza kuwaka, tanuri la elementi nyingine likapatikana. Hapa pana kisa ambacho kila mwalimu wa kemia angepaswa kukisimulia. Kaboni, ambayo ni uti wa mgongo wa kila kiumbe hai, hutengenezwa ndani ya nyota kwa kuunganika kwa viini vitatu vya heliamu. Mwaka wa 1953 Mwingereza Fred Hoyle alitambua kwamba muungano huo usingetoa kaboni ya kutosha isipokuwa kiini cha kaboni kiwe na daraja fulani mahususi ya nishati. Aliwaomba wataalamu wa maabara huko California walitafute. Walilitafuta, wakalipata pale pale alipotabiri.

Na dhahabu ya Kakamega, iliyowavutia wachimbaji wengi katika miaka ya 1930? Tanuri la kawaida la nyota haliwezi kuitengeneza. Yahitaji tukio la kutisha zaidi. Tarehe 17 Agosti 2017, mitambo ya Marekani na Ulaya ilinasa mtikisiko uliotokana na nyota mbili za nyutroni zilizogongana mbali sana na sisi, na nuru iliyofuata ikaonyesha dalili za elementi nzito zilizozaliwa papo hapo. Kwa hiyo pete iliyo kidoleni mwa bibi harusi ni ukumbusho wa mauti ya nyota zilizokufa kabla jua letu halijazaliwa. Afrika Mashariki nayo imechangia elimu hii. Setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei angani ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Mwanahistoria David Christian, aliyeanza mwaka wa 1989 kufundisha historia ya ulimwengu mzima katika Chuo Kikuu cha Macquarie huko Sydney, huuona mtiririko huu wote kuwa ngazi. Kila kipandio kinahitaji viungo vilivyoandaliwa na kipandio kilichotangulia, pamoja na masharti mahususi: joto lisilozidi wala kupungua, umbali unaofaa, na mkondo wa nishati usiounguza wala kuzimika. Mtaalamu wa nyota Eric Chaisson naye ameonyesha kwamba kadiri kitu kinavyokuwa changamano, ndivyo kinavyohitaji nishati nyingi zaidi kwa kila kilo yake. Ajabu ni kwamba kilo moja ya mwili wa mwanadamu hutumia nishati mara elfu kadhaa kuliko inayotolewa na kilo moja ya jua. Uchangamano, basi, si zawadi ya bure. Ni kama taa ya chemni: huwaka maadamu mafuta yamo na upepo haujazidi.

Tukisha kulielewa hilo, tulitazame ziwa. Watu wengi hulidhania Ziwa Victoria kuwa la tangu na tangu. La hasha. Kwa makadirio ya wataalamu wa miamba, lina umri wa miaka 400,000 hivi. Lilizaliwa ardhi ya upande wa magharibi ilipoinuka na kuizuia mito iliyokuwa ikitiririka kuelekea huko. Isitoshe, ziwa hili lina kina cha mita 80 tu pale penye kina kirefu, na sehemu kubwa ya maji yake hutoka kwenye mvua inyeshayo moja kwa moja juu yake. Mvua ikikosekana kwa karne nyingi, ziwa hufa. Na liliwahi kufa. Uchunguzi wa matope ya chini, uliochapishwa mwaka wa 1996, ulionyesha kwamba lilikauka kuelekea mwisho wa enzi ya barafu, kisha likaanza kujaa tena kadiri ya miaka 15,000 iliyopita.

Katika muda huo mfupi, ambao kwa saa ya miamba ni kufumba na kufumbua, aina zipatazo 500 za samaki wadogo ambao Waluo huwaita fulu zilitokea. Kuna wala mwani, wavunja konokono, wala mayai ya wenzao na wawindaji wa samaki wengine. Wataalamu hawajui mfano wa wanyama wengine wenye uti wa mgongo waliojigawanya kwa kasi ya namna hiyo. Iliwezekanaje? Utafiti wa chembe za urithi uliotolewa mwaka wa 2017 ulionyesha kwamba wahenga wa fulu walitokana na kuchanganyika kwa nasaba mbili za samaki, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya upande wa Naili. Mchanganyiko huo uliwapa akiba kubwa ya tofauti za urithi. Akiba ilikuwapo, ziwa jipya lilipojaa, nafasi nayo ikapatikana. Viungo na masharti vikakutana, kama unga na maji yanayochemka.

Miongoni mwa samaki hao yumo mmoja mwekundu aliyepewa jina la kisayansi *Pundamilia nyererei*, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Nduguye ni wa buluu, naye huishi karibu zaidi na uso wa maji, ambako nuru ya buluu bado inapenya. Majike wa aina moja hupendelea madume mekundu, na wa aina ya pili hupendelea ya buluu. Ukuta pekee unaozitenganisha jamaa hizi mbili, kwa hiyo, ni jicho la jike na uangavu wa maji. Mwaka wa 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba pale maji yalipotiwa ukungu na uchafu, majike hawakuweza tena kupambanua rangi, aina zikachanganyika, na tofauti iliyochukua maelfu ya miaka ikaanza kufutika.

Hapa ndipo somo la nyota linapogeuka kuwa jambo letu. Mbuta aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amewafyeka fulu wengi. Aina zinazokadiriwa kufikia 200 zilitoweka. Sisemi kwamba mbuta hakuleta faida. Ameleta fedha na ajira, na ada za shule za watoto wengi zimelipwa kwa minofu yake. Lakini hakuwa peke yake. Mbolea na udongo kutoka mashambani, pamoja na majitaka ya miji, vililisha mwani hadi maji yakapoteza uangavu. Gugumaji nalo likaja mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kufikia mwaka wa 1998 lilikuwa limeifunika Ghuba ya Winam kiasi cha vyombo kushindwa kutia nanga Kisumu. Hata baada ya kupunguzwa, limerejea mara kwa mara.

Wapo watakaosema kwamba usahihi wa masharti ya ulimwengu ni ushahidi kuwa kila kitu kiliandaliwa kwa ajili yetu, na hivyo hapana la kuhofia. Wapo pia watakaosema kwamba yote ni bahati nasibu, na hivyo hapana la kulinda. Swali la nani au nini kilichoweka masharti hayo tuwaachie wanafalsafa na watu wa dini; si lengo la safu hii kuliamua. Ila pande zote mbili hukosea zinapofika kwenye hitimisho. Masharti huruhusu tu. Hayalazimishi wala hayaahidi. Ziwa lililokuwa na masharti ya kuzaa aina 500 ni lile lile lililokauka, na ni lile lile lililopoteza mamia ya aina katika umri wa mtu mmoja. Kujenga huchukua maelfu ya miaka. Kubomoa hakuhitaji hata kizazi kizima.

Tatizo jingine liko madarasani mwetu. Nyota zimo katika fizikia, kaboni katika kemia, fulu katika biolojia, ziwa katika jiografia na mbuta katika historia ya uchumi. Mwanafunzi hupewa vipande vitano vya mtungi mmoja, halafu tunamlaumu kwa kushindwa kuteka maji. Walimu wa masomo hayo wakikaa pamoja, hata kwa juma moja tu katika muhula, wanaweza kumsimulia kisa hiki kuanzia hidrojeni hadi omena aliye sahanini.

Na wasiishie kusimulia. Sahani nyeupe iliyofungwa kamba, ikateremshwa majini polepole hadi isionekane, hupima uangavu wa maji. Wataalamu wa maziwa hutumia kifaa cha namna hiyo hiyo. Shule zilizo karibu na ufuo, kuanzia Dunga hadi Mbita, zinaweza kufanya hivyo kila mwezi, zikaandika tarakimu zake na kuzilinganisha mwaka hadi mwaka. Kazi hiyo haihitaji maabara wala mfadhili. Itakapofika siku ya kuwauliza wakuu wa kaunti na wenye viwanda maji yamekuwaje, wanafunzi hawatakwenda na malalamiko matupu. Watakwenda na daftari.

Ulimwengu ulihitaji miaka bilioni 13.8 kumpata kiumbe anayeweza kuijua kadiri ya mambo. Itakuwa aibu kubwa kiumbe huyo akiijua kadiri ya nyota, kisha ashindwe kuilinda kadiri ya maji anayokunywa.