Mche wa parachichi ya Hass: bei halali ni ipi?

Mvua zikikaribia, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Afisa, mche wa Hass ni shilingi ngapi?" Mmoja katajiwa 2,500, mwingine 5,000, na miche yenyewe ukiiona kimo ni kilekile.

Kwanza tujue unanunua nini. Parachichi halifuati mama yake. Ukiotesha kokwa la Hass, mti utakaopata hautakuwa Hass. Miti yote ya Hass duniani imetokana na mti mmoja wa mtu wa posta, Rudolph Hass, huko California, Marekani, aliyeusajili mwaka 1935. Tangu hapo kazi ni kukata kikonyo na kukibebesha kwenye mche mwingine, kizazi hadi kizazi. Kwa hiyo ile bei unalipia kikonyo na mkono wa aliyekibebesha. Kiriba na udongo hata wewe unavyo.

Sasa wenye vitalu, njooni hapa tupige hesabu. Tarakimu ni za mfano tu, weka za kwako. Umejaza viriba 1,000. Mbegu, samadi, viriba, kivuli, maji, vikonyo, fundi wa kubebesha na kibarua wa kumwagilia mpaka siku ya kuuza, jumla 1,900,000. Wengi wanagawa kwa 1,000, wanapata 1,900, wanauza 2,500 na kufurahia faida ya 600. Lakini zipo mbegu zilizogoma kuota, vikonyo vilivyokauka na miche iliyodumaa. Tuseme iliyofika sokoni ni 600. Gawa tena: kila mche umekugharimu karibu 3,170. Ukiuza 2,500 unaingiza 1,500,000, yaani 400,000 zimeyeyuka, na jasho lako hujalilipa hata senti.

Hapo ndipo ubabaishaji unapozaliwa, jamani. Mwenye kitalu aliyebanwa na bei anachomeka miche ya kokwa katikati ya iliyobebeshwa, au anakata vikonyo kwenye mti wowote ulio jirani. Mimi sipendi bei ya kulangua, ila mche wa bei ya kutupa unanitia wasiwasi zaidi.

Upande wa mnunuzi nao una hesabu yake. Eka moja kwa nafasi ya mita 7 kwa 7 inachukua miche kama 82. Tofauti ya 2,500 kwa mche ni 205,000 kwa eka nzima. Ni hela, sikatai. Ila mti uliobebeshwa unaanza kuzaa karibu mwaka wa tatu, na wa kokwa unaweza kukuweka miaka mitano, saba au zaidi, halafu tunda likitoka mnunuzi wa Hass analikataa. Palizi, mbolea na ardhi ya miaka yote hiyo nani atakulipa?

Kabla ya kutoa hela, angalia kovu la kubebesha kwenye shina: lionekane, liwe limeshikana vizuri, na nailoni isiwe inalikaba. Omba kuonyeshwa mti mama ulikokatwa vikonyo. Mwenye kitalu wa kweli hakasiriki ukimwomba hivyo. Uliza pia kama kitalu kimesajiliwa na TOSCI. Mimina mche mmoja kutoka kwenye kiriba uone mizizi. Mizizi myeusi inayonuka, acha lori zima. Ule mti mama wa California wenyewe uliondoka mwaka 2002 baada ya kuugua kuoza mizizi kwa miaka mingi, na ugonjwa huo unasafiri vizuri sana kwenye udongo wa kitalu.

Punguzo lipo, na lina sababu zake. Anayechukua miche 500 na kulipa nusu mapema anastahili kupunguziwa, maana amempa mwenye kitalu mtaji. Punguzo la mwisho wa mvua liogope: miche iliyobaki mara nyingi mizizi yake imeshajizungusha ndani ya kiriba, na ukiipanda inakutana na kiangazi kabla haijashika.

Bei ya kitaluni na bei ya kufikishiwa shambani msizichanganye. Kubalianeni mapema mche ukivunjika njiani ni hasara ya nani. Risiti iandikwe aina, idadi, tarehe, na kwamba mche usio na kovu la kubebesha unarudishwa.