Simu Iliyoibwa: Ni Nini Hasa Kilichochukuliwa?

Mtu aibiwapo simu, jambo la kwanza alifikirialo ni bei ya chombo kile. Huzikumbuka fedha alizozitoa dukani, huwauliza waliokuwa karibu kama wamemwona mwizi, na pengine hutimua mbio kuufuata mwelekeo ambao mtu fulani ameuonyesha kwa kidole. Fikira hiyo ni ya kawaida, lakini imepitwa na wakati. Mara nyingi chombo chenyewe ndicho chenye thamani ndogo kuliko vyote vilivyochukuliwa.

Mfano unaofaa ni wa mwalimu wa sekondari anayeshuka daladala jioni katika kituo chenye msongamano mjini Dar es Salaam. Katika akaunti yake ya fedha za mkononi mna masalio ya mshahara wake pamoja na michango ya wanafunzi wa kidato cha nne kwa ajili ya mahafali yao. Anapapasa mfuko, simu haimo. Kwa muda wa saa nzima anazunguka kituoni akiwauliza makondakta na wauza maji, kisha anarudi nyumbani akiwa ameazimia kulishughulikia jambo hilo kesho yake. Asubuhi anapata habari kwamba michango yote imekwisha kutolewa. Simu yake ilikuwa imefungwa kwa alama ya kidole, na namba yake ya siri hakupata kumwambia mtu. Imewezekanaje?

Jawabu ni kwamba katika mfuko ule hamkuwamo kitu kimoja bali vitatu: chombo, laini, na mambo yaliyohifadhiwa ndani. Kila kimoja kina utambulisho wake na njia yake ya kufungwa. Mwalimu alikitafuta cha kwanza. Mwizi alikitumia cha pili.

Watu wengi hudhani kwamba namba ya simu imo ndani ya kadi ya laini. La hasha. Kadi hiyo ina kompyuta ndogo sana iliyohifadhi utambulisho wa mteja na ufunguo wa siri. Ama namba ambayo jamaa na marafiki huipiga, hiyo imeandikwa katika daftari kuu la mitambo ya kampuni, mkabala na utambulisho wa kadi. Simu iwashwapo, mtambo huipelekea kadi namba ya kubahatisha. Kadi huichanganya namba hiyo na ufunguo wake kwa hesabu maalumu, kisha hurudisha jawabu peke yake. Mtambo nao, kwa kuwa una nakala ya ufunguo ule ule, hufanya hesabu hiyo hiyo. Majawabu yakilingana, kadi hukubaliwa. Ufunguo wenyewe hausafiri hewani hata mara moja.

Utaratibu huu ni madhubuti sana dhidi ya mtu anayesikiliza mawimbi kwa mbali. Lakini mtambo huihoji kadi, haumhoji mtu aliyeishika. Mwizi hana haja ya kuifungua simu ya mwalimu: huitoa kadi, akaitia katika simu yake mwenyewe, na tangu hapo kila ujumbe uliokusudiwa mwalimu humfikia yeye. Humo mna zile namba fupi za uthibitisho ambazo benki na akaunti za barua pepe humtumia mtu aliyesahau nywila yake. Akifungua huduma ya fedha za mkononi, huulizwa kitu kimoja tu, yaani namba ya siri.

Namba ya siri ya tarakimu nne ina namna 10,000. Kwa kuwa mfumo hujifunga baada ya makosa machache, mtu anayebahatisha majaribio matatu ana nafasi 3 katika 10,000 ya kupata. Hesabu hiyo yatuliza moyo iwapo tarakimu zimechaguliwa bila mpango. Walakini wengi huchagua mwaka wa kuzaliwa, na miaka ya watu wazima walio hai haifiki hata mia moja. Zaidi ya hayo, mwalimu alikuwa ameweka kivuli cha kitambulisho chake cha taifa ndani ya kava la simu, kama wafanyavyo wengi. Namba ya kitambulisho cha Tanzania ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, zikianza na mwaka. Mwizi hakuhitaji kubahatisha, alisoma.

Ukweli kwamba namba imo katika daftari la kampuni, wala si katika kadi, ndio pia umwokoao mwenye mali. Kampuni ikiandika kadi mpya mbele ya namba ya mwalimu, ile ya zamani hugeuka kipande cha plastiki mara moja. Kwa hiyo hapana budi dakika za kwanza zitumike kuazima simu ya jirani, kuwaita wahudumu wa kampuni, na kuwataka waifunge laini pamoja na akaunti ya fedha. Kituo cha daladala kinaweza kusubiri. Baadaye huja taarifa ya polisi, kitambulisho na alama za vidole, kisha kadi mpya yenye namba ile ile ya zamani. Nchini Tanzania alama za vidole zilianza kutumika katika usajili wa laini mwaka 2019; tokea hapo laini iliyo mikononi mwa mwizi inazungumza kwa jina la mwenyewe, hata katika mambo ya jinai. Jamaa nao wajulishwe mapema, maana ujumbe unaosema “Mama, nimekwama, nitumie chochote” huaminika sana unapotoka katika namba ya mtoto.

Kinga moja husahauliwa na karibu kila mtu. Kadi ya laini yaweza kuwekewa namba yake ya siri, ambayo huulizwa kila inapotiwa katika simu au simu inapowashwa. Makosa matatu huifunga. Kuifungua kwahitaji namba nyingine ya tarakimu nane. Na mtu akikosea hiyo mara kumi, kadi hufa kabisa. Lau mwalimu angaliiweka kinga hiyo, mwizi asingalipata hata ujumbe mmoja.

Kuhusu kuitafuta simu kwa setilaiti, lipo jambo ambalo halielezwi vya kutosha. Setilaiti za kuelekeza mahali, zilizo juu ya ardhi kiasi cha kilomita 20,200, hazijui simu iko wapi. Simu husikiliza mawimbi yao na kujipigia hesabu yenyewe. Kisha huhitaji intaneti ili impashe mwenyewe habari. Ndani ya nyumba, chini ya bati na kati ya kuta, hesabu hiyo hukosea, na alama ionekanayo kwenye ramani ni katikati ya duara ambamo simu yaweza kuwamo popote. Katika mtaa uliosongamana, duara la mita ishirini lina nyumba kadhaa na familia nyingi. Kumpigia mtu kelele za mwizi mlangoni pake kwa ushahidi wa alama hiyo ni jambo la hatari kubwa, kwani umati hauulizi ukubwa wa duara. Ramani hiyo ipelekwe polisi.

Sasa chombo chenyewe. Kila simu ina namba tambulishi ya tarakimu 15, ambayo huonekana mtu akibonyeza *#06#. Nane za mwanzo hueleza aina ya simu, sita zifuatazo ni za chombo kimoja hicho, na ya mwisho ni ya ukaguzi. Nchini Tanzania namba hizi huwekwa katika rajisi kuu. Kwa njia hiyo simu bandia zilizimwa mwezi Juni 2016, na kwa njia hiyo hiyo simu iliyoripotiwa kuibwa yaweza kunyimwa mtandao. Walakini rajisi ya nchi moja haifiki kila mahali, na simu huvuka mipaka. Kufuli za watengenezaji, za Apple tangu 2013 na za Android tangu 2015, zimewapunguzia wezi faida, ingawa vioo na betri bado huuzwa kama vipuri.

Tarakimu ile ya mwisho inafaa kuingizwa katika kipindi cha hisabati. Ilibuniwa na Hans Peter Luhn, mhandisi wa kampuni ya IBM, aliyeomba hataza yake nchini Marekani mwaka 1954. Chukulia tarakimu 14 hizi: 12345678901234. Ya pili, ya nne, ya sita na kuendelea hivyo huzidishwa kwa mbili, na jawabu likiwa na tarakimu mbili, hizo hujumlishwa: 2, 4, 6, 8, 0, 2, 4 huwa 4, 8, 3, 7, 0, 4, 8, ambazo jumla yake ni 34. Zilizobaki, yaani 1, 3, 5, 7, 9, 1, 3, jumla yake ni 29. Zote pamoja ni 63. Ili kufikia 70 zinahitajika 7. Basi tarakimu ya kumi na tano ni 7. Karani wa polisi akiandika 6 mahali pa 5, hesabu hukataa papo hapo. Akigeuza tarakimu mbili zilizo jirani, hukataa pia, isipokuwa katika hali moja, nayo imo katika mfano huu: 90 ikiandikwa 09, jumla haibadiliki.

Wanafunzi watafute wenyewe kwa nini. Kwa kuwa shule nyingi haziruhusu simu, waweza kutumia namba iliyochapwa ubavuni mwa kasha lake, ambalo nyumbani huwa limetiwa sindano na vifungo, na ambalo polisi watalihitaji siku simu itakapoibwa.