Barabara inapotupa maji, nani anayapokea?



Mvua kubwa ikinyesha usiku, wengi wetu hapa Butembo hatulali vizuri. Tunasikiliza maji yanavyoshuka barabarani, na asubuhi tunatoka kuangalia korongo la karibu limekula hatua ngapi. Mji wetu umejengwa juu ya vilima. Maji yote lazima yashuke bondeni, mpaka Kimemi na vijito vingine. Shida iko katika njia yanayopita kabla ya kufika huko.

Tunapolalamika juu ya barabara, kwa kawaida tunasema mashimo, matope na vumbi. Hayo ni kweli, lakini tuangalie pia ng'ambo nyingine. Udongo wenye majani hunywa maji. Barabara iliyoshindiliwa, hata ile ya udongo, hainywi. Inayakusanya maji na kuyapeleka mahali pamoja. Kama pale mwisho hapana mtaro wa mawe wala majani, maji yanachimba. Kwanza ni mfereji mdogo ambao mtoto anauruka. Mvua chache baadaye ni korongo, na jiko la mtu linaning'inia ukingoni.

Tuseme ukweli juu yetu wenyewe. Kwenye salongo moja tulichimba mtaro kando ya njia ya kartie, tukaimba, tukarudi nyumbani tumefurahi. Njia ilibaki kavu. Lakini mtaro wetu uliishia juu ya shamba la mama mmoja, na mvua iliyofuata ilibeba maharagwe yake yote pamoja na udongo. Alikuja kwetu bila kupiga kelele, akatuuliza: "Mlifikiri maji yangeenda wapi?" Hatukuwa na jibu. Tulirudi na majembe, tukaendeleza mtaro mpaka kijitoni, tukapanga mawe kama ngazi ili maji yapunguze mbio, tukapanda matete pande zote mbili. Tulimpa pia mbegu. Tangu hapo hatuchimbi kabla ya kutembea njia yote ya maji, kutoka juu hadi chini.

Swali la mama yule linafaa pia kwa kazi kubwa. Tarehe 16 mwezi wa sita 2021, marais wa Kongo na Uganda walikutana mpakani Kasindi na Mpondwe kuanzisha mradi wa barabara wa kilomita 223: 80 kutoka Kasindi hadi Beni, 54 kutoka Beni hadi Butembo, na 89 kutoka Bunagana kupitia Rutshuru hadi Goma. Sisi tunaobeba mizigo kwenda soko la Beni tunajua faida ya barabara nzuri. Mgonjwa anafika hospitali, na nyanya hazioziki njiani. Lakini gudroni inamwaga maji kwa nguvu kuliko udongo. Kila bomba la saruji linalopitisha maji chini ya barabara lina mdomo, na chini ya mdomo huo kuna shamba au nyumba ya mtu.

Kuna pia mashimo yanayobaki pale udongo wa kujengea ulipochimbwa. Yasipofukiwa, yanajaa maji, mbu wanazaa humo, na watoto wanakwenda kuogelea. Barabara ya Kasindi, tena, inapita ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoundwa 1925, na kuvuka mto Semuliki. Njia ikiwa rahisi, makaa na mbao pia vinatoka kwa urahisi. Sisi tunaopika kwa makaa tusijifanye hatumo.

Sheria ipo. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 mwezi wa saba 2011 juu ya mazingira inadai kwamba mradi unaoweza kuharibu mazingira uchunguzwe kwanza: utaumiza nini, utaumiza nani, na dawa yake ni nini. Wananchi wana haki ya kusema. Basi wakiita mkutano wa barabara katika kartie yako, mama, usimwachie mume peke yake. Wewe ndiwe unayejua kisima kiko wapi na maji hupita wapi.

Usiogope kusema pia yale ya aibu. Ng'ambo ya Ruwenzori, huko Kamwenge, Uganda, wafanyakazi wa barabara waliwadhulumu wasichana wadogo. Watu wa pale walisema, na mwezi wa 12, 2015 Benki ya Dunia ikavunja mkopo wa mradi ule. Hapa kwetu, mwezi wa 11, 2017, benki hiyohiyo ilisimamisha malipo ya kazi za barabara baada ya malalamiko ya watu wa njia ya Bukavu na Goma, yakiwemo ya wanawake kudhulumiwa. Kwa hiyo kila penye kambi ya wajenzi, tuulize tangu siku ya kwanza: malalamiko yanapelekwa kwa nani, na binti zetu watalindwaje?

Barabara ikishakwisha kujengwa, kazi ya kuitunza ndiyo inaanza. Barabara za mjini ni kazi ya OVD, na zile kubwa za kitaifa ni za Office des Routes. Mfuko wa FONER, ulioundwa 2008, unakusanya pesa za utunzaji kutoka kwenye mafuta na malipo ya kupita barabarani. Hata abiria wa moto analipa, maana pesa hiyo imo ndani ya bei ya safari. Tunapodai mitaro isafishwe, hatuombi sadaka.

Wakati tunadai, mikono yetu isikae bure. Kwanza, tukinge maji ya paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 40, mvua ikinyesha milimita 30, linatoa lita 1,200, yaani bido 60 za lita 20. Hata ukikinga robo yake, maji hayo hayatashuka barabarani, na binti yako hatakwenda kisimani siku ile. Pili, tusitupe taka wala mifuko ya plastiki mtaroni. Mtaro ukiziba, maji yanapanda barabarani na kutafuta mlango wa jirani. Tatu, tupande matete au majani mengine yenye mizizi mingi kwenye ukingo uliobaki uchi, na kufunga mfereji kwa mawe ukiwa bado mdogo. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Siku ya salongo, kabla ya kushika jembe, tutembee kwanza pamoja kutoka juu ya kilima hadi kijitoni. Kila mmoja aje na jiwe moja na shina moja la matete. Na yule anayekaa chini kabisa ya kartie ndiye atakayesema wa kwanza.

Mungu awalinde ninyi na nyumba zenu.